Unabadilisha kazi? Uliza kwanza pensheni yako

Kila mwezi, 5 kwa mia ya mushahara wako inakatwa juu ya pensheni. Patroni anaongeza 5 ingine. Kukatwa ni kitu kimoja, kufika ku CNSS ni kingine. Kwa hiyo usimuulize tu yule mwenye kutengeneza mishahara: analipwa na patroni yule yule. Nenda weye mwenyewe ku CNSS na namba yako ya afiliasio na karatasi za mushahara, uombe wakuonyeshe miezi yenye ililipwa, hata ile ya wakati wa INSS, mbele ya 2018. Mutu akikuahidi "kusukuma dosie" juu ya makuta, umukatalie. Miezi ikikosa, umuone delege wa sendika ao Inspeksio ya kazi ungali bado kazini. Kisha kutoka, kumupata patroni wa zamani inakuwa nguvu.