WAZEE WETU (2): Miaka Ishirini Inayorukwa Kwenye Wasifu wa Bibi

Msiba wa kikongwe, kuanzia Bulembia mpaka Bwera, wilayani Kasese, hauishi bila wasifu. Mtu wa ukoo husimama chini ya turubai na karatasi yake, akasoma: marehemu alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alijaliwa watoto wangapi, ameacha wajukuu na vitukuu wangapi. Akifika kwenye miaka ya vita husema marehemu alipitia shida za wakati ule, kisha anaruka hadi ubatizo wa mjukuu. Makala ya leo inahusu hapo anaporuka.

Chanzo cha vita hivyo vya Rwenzururu tulikieleza katika sehemu ya kwanza, kwa hiyo nakumbusha kwa ufupi. Waingereza waliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya Ufalme wa Toro. Mwaka 1962, uhuru wa Uganda ukiwa mlangoni, wawakilishi wao wakiongozwa na mwalimu Isaya Mukirane walitoka katika baraza la Toro, na tarehe 30 Juni Rwenzururu, nchi yao ya milimani, ikajitangazia utawala wake. Mukirane alifariki Septemba 1966. Tarehe 19 Oktoba mwaka uleule akatawazwa mwanawe, Charles Mumbere, ambaye ndevu zilikuwa hazijamwota. Wapiganaji hawakushuka na silaha zao mpaka Agosti 1982. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini.

Kati ya baba aliyefariki na mtoto aliyetawazwa alikuwepo mama. Christine Biira Mukirania, mjane wa Mukirane, masimulizi mengi humpitia mbio mbio kama tunavyowapitia bibi zetu misibani. Kwa Wakonzo, na kwa ndugu zao Wanande wa Kongo, majina hufuata zamu ya kuzaliwa: Biira ni binti wa pili, Mumbere ni mtoto wa kwanza wa kiume. Basi huyo binti wa pili alibaki na mwanawe wa kwanza wa kiume aliyevishwa taji kabla ya kukomaa, na vita juu yake.

Amani nayo haikumletea utulivu. Mumbere alikwenda Marekani mwaka 1984 kusoma. Serikali iliyompeleka ilipoanguka, ada ikakatika, na mfalme akaishia kuuguza wazee wa watu huko Pennsylvania. Sijui kama kuna mama asiyeguswa na hilo. Mwana mwingine, Christopher Kibanzanga, alikuja kuwa mbunge na waziri wa nchi. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Novemba 2016 ikulu ya Kasese ikavamiwa na majeshi, watu zaidi ya 100 wakauawa, Mumbere akakamatwa, na hakurudi Kasese mpaka Oktoba 2023. Maisha ya mama huyo huwezi kuyasimulia ukayatenga na vita, hata ukijaribu.

Lakini je, mama huyo, kama bibi zetu wengine, alikuwa askari? Wengi watasema hapana, kwa kuwa hakuonekana na bunduki. Nawakatalia. Bunduki zenyewe zilikuwa chache, na katika siku za mwanzo wanaume wengi walipigana kwa mikuki. Kule juu milimani hakuna lori linalopanda. Mwanamke wa Kikonzo hubeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, mikono ikibaki huru kushika mwamba au mtoto. Mihogo, maharage na chumvi ya Katwe hupandishwa mlimani namna hiyo, na ndivyo ilivyokuwa wakati wa vita. Katika jeshi la serikali kazi hiyo huitwa ugavi. Ina idara yake, vyeo vyake na pensheni yake.

Kenya, Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyebaki msituni hadi 1963, alikuwa na cheo cha Fildi Masho, na alipofariki Septemba 2023 nchi nzima ilimjua kwa cheo hicho. Uganda nayo ina nishani ya wapiganaji wa Luweero, na wamo wanawake walioheshimiwa kwa vita hivyo. Wanawake wa Rwenzururu wako kwenye orodha ipi?

Bulembia kuna tatizo jingine: hata karatasi hazidumu. Kilembe ya huko huko, ambako shaba ilichimbwa tangu miaka ya 1950, iko kwenye bonde la Mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali. Familia iliyokimbia na watoto mgongoni haikurudi kutafuta kadi ya zamani wala picha.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo bibi aliyekuwa msichana mwaka 1962, sasa anakaribia themanini au ameshazivuka. Usimwulize habari za siasa, atakunyamazia. Mwulize alilala wapi usiku, alibeba nini, na alimpelekea nani. Andika majibu kwa jina lake mwenyewe, lile la zamu ya kuzaliwa, si la mumewe, na nakala mpe jamaa anayeishi mbali na mto.

Wiki ijayo tutashuka Bwera, hadi mpakani Mpondwe.