Hidaya ya Kukatwakatwa

Miongoni mwa vyombo ambavyo bibi harusi wa pwani hutunzwa aanzapo makazi mapya, kama vile mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi wake, miiko, na kibao cha kusukumia chapati, kibao cha kukatia hakikuwa na daraja kubwa hapo kale, kwa sababu wapishi wetu wengi walikata, na wangali wakikata, kitunguu na nyanya papo hapo mkononi juu ya sufuria, kwa wepesi ambao mgeni akiutazama huingiwa na hofu juu ya vidole vyao. Lakini nyama na samaki mkubwa havikatiki mkononi, na mabamba ya plastiki yaliyojaa madukani hayana jamala yoyote ya kumpa mtu umpendaye. Kwa hiyo anayetaka kumtunza sahibu yake kitu kilichotoka katika mikono yake mwenyewe, naye amepata kushika msumeno na randa japo kidogo, hana haja ya kutafuta mbali.

Aghalabu wafanyao kibao cha hidaya hukiharibu kwa mapenzi. Hukichora majina ya maharusi, hukipaka vanishi mpaka mtu akajiona uso wake ndani yake, na aliyepewa, kwa staha na kwa kuona haya kukitia kisu, hukitundika ukutani, kisha huenda kukatia mboga juu ya sahani. Kwa rai yangu, fundi hana budi kuanza kazi akiwa ameridhia moyoni kwamba kitu chake kitakwenda kukatwakatwa, kumwagiwa maji na kupakwa manjano, na uchaguzi wake wote, wa mti, wa kipimo na wa mafuta, utokane na ridhaa hiyo.

Tuanze na mti. Mpingo, ambao ni fahari ya wachongaji na ambao ubao wake ukitupwa majini huzama, haufai, kwani ugumu wake huyala makali ya kisu. Na msonobari ni laini kupita kiasi. Msaji, ambao mafundi wa leo huuita mtiki, hustahimili maji kwa namna ya ajabu, lakini ndani yake mna chembe zilizo jamii moja na mchanga, ambazo huchosha randa ya seremala na baadaye kisu cha mpishi. Mvule nao una desturi yake ya kuficha vijiwe vya chokaa katikati ya nyama yake, na fundi mzoefu huupasua kwa hadhari. Mimi huupendelea mninga, wenye rangi ya hudhurungi na michirizi ya wekundu, kwa sababu ya utulivu wake: hauvimbi wala hausinyai sana kama miti mingine. Vumbi lake, hata hivyo, huwasha pua na kubana kifua, kwa hiyo mwenye kuuranda na ajifunge kitambaa usoni. Wala haimlazimu mtu kununua ubao mzima, maana katika karakana za samani, kama zile za Keko mjini Dar es Salaam, vipande vinavyosalia baada ya kukatwa vitanda na milango vyatosha maridhawa kwa kazi ndogo kama hii.

Jambo ambalo huwashinda wengi ni tabia ya mti baada ya kuwa ubao. Hata ukiwa umekatwa zamani, ubao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa jua kali. Na unywapo hutanuka kwa upana, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kadiri ya kuonekana kwa macho. Ndiyo sababu kibao kilichopigiliwa mataruma ya kukingama ili kisipinde huja kupasuka: taruma halitanuki upande ule ambao ubao unataka kwenda. Kanuni ya kale ya maseremala ni kuukausha ubao kivulini, penye upepo, mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene wake, na asiyeweza kungoja na anunue uliokwisha kukaushwa. Kisha huupasua vipande vyenye upana wa sentimita tano hivi, akavigeuza kwa zamu ili kupinda kwa kimoja kuzuiwe na kupinda kwa mwenziwe, akaviunga kwa gundi isiyolegea majini na kuvibana usiku kucha.

Wenye ustadi mkubwa huvisimamisha vipande ili ncha za nyuzi zitazame juu, kama lilivyo gogo la buchani, ambalo hustahimili shoka miaka mingi kwa kuwa makali hupenya baina ya nyuzi bila kuzikata, nazo zikajirudi. Ni kazi adhimu, lakini kuranda ncha za nyuzi ni adhabu. Anayeanza na azilaze.

Kipimo cha sentimita arubaini kwa ishirini na tano, na unene wa tatu, chatosha jiko la kawaida. Baada ya msasa namba 80, 120 na 220, kibao hulowanishwa kidogo kwa maji ili malaika yake yasimame, kikaachwa kikauke, kikasuguliwa tena; asiyefanya hivyo atalaumiwa siku ya kwanza kitakapooshwa.

Vanishi nimekwisha kuisema: kisu huibandua, vigamba vyake vikaingia chakulani. Mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, huvunda. Yanayofaa ni yale mafuta ya madini yasiyo rangi wala harufu, safi kwa kunywewa, ambayo maduka ya dawa huwauzia waliofunga choo (si mafuta ya taa, tafadhali), yakapakwa pande zote mbili kwa usawa, maana upande mmoja ukinyimwa kibao hupinda. Nta ya nyuki ikiyeyushwa ndani yake huzidisha kinga.

Wapo watakaoogopa kwamba mti hufuga vijidudu. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Dean Cliver na Nese Ak, walilichunguza jambo hili na kutangaza mwaka 1994 kwamba vijidudu vilivyotiwa juu ya mti hufyonzwa ndani na havipatikani tena kwa urahisi juu yake, ilhali plastiki iliyokwisha kuchanjwa na visu husafishika kwa taabu. Hata hivyo sabuni na maji ya moto ni faradhi, na upande wa kuku mbichi usiwe upande wa kachumbari.

Basi anayetoa kibao na aseme haya kwa kinywa chake: kisiachwe ndani ya maji, kisianikwe juani, kisimamishwe kwa ubavu kikauke, kipakwe mafuta kila kinapoonekana kupauka. Makovu yakizidi, unene ule wa sentimita tatu unaruhusu kurandwa tena na tena. Na kazi hiyo itamrudia aliyekitoa, kwani mwenye jiko aghalabu hana randa.