Je, Wajua? Kasia, Hijabu na Benchi la Bibi

Je, wajua kwamba ndege ilipoanguka Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi wa mitumbwi? Ndege hiyo ya Precision Air, iliyotoka Dar es Salaam, ilidondoka majini karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Kumi na tisa walifariki. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisimulia akiwa kitandani hospitalini kwamba alitumia kasia kuupiga mlango wa nyuma, kisha akajaribu kumfikia rubani, kamba ikamchapa usoni akazirai. Nani hasa aliufungua mlango, ubishi ulizuka baadaye. Kwamba wavuvi walijitosa bila kusubiri kuagizwa na mtu, hilo halina ubishi.

Mkoa ulimpa kijana huyo shilingi milioni 1. Siku ya kuaga miili uwanjani Kaitaba, Waziri Mkuu wa wakati huo, naye akiitwa Majaliwa, akatangaza kuwa Rais Samia ameagiza kijana huyo aandaliwe nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ukiniuliza mimi, hii inazidi cheti cha kutundika sebuleni: kupewa mafunzo na mshahara kwa kazi aliyokwisha kuifanya bila mafunzo wala mshahara.

Je, wajua kwamba hijabu ziliwahi kuokoa roho za watu ndani ya basi? Ilikuwa tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya. Al-Shabaab walilivamia basi la kwenda Mandera, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila abiria alijua maana ya amri hiyo, kwani mwaka mmoja tu nyuma watu 28 waliokuwa wakisafiri kutoka Mandera walikuwa wametengwa hivyo hivyo na kuuawa. Safari hii wanawake wa Kiislamu wakawavika wenzao Wakristo hijabu zao, na abiria wakagoma kutengana. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliogoma. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 akitibiwa. Kenya ikamtunuku nishani ya OGW akiwa tayari kaburini. Wakenya wanajua herufi hizo zinavyopendwa; wako wanaohakikisha hazikosekani hata kwenye kadi ya mwaliko wa harusi. Mwalimu hakupata kuziandika baada ya jina lake. Mkasa huo ulizaa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018.

Je, wajua kwamba mwanamke mmoja wa Rwanda aliwazuia wauaji kwa sifa ya uchawi? Zura Karuhimbi alikuwa mganga wa mitishamba, mjane mzee mwenye nyumba ndogo wilayani Ruhango. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, aliwaficha humo watu wanaokadiriwa kuzidi mia. Silaha hakuwa nayo. Alijipaka mikononi majani yanayowasha, na kila aliyemgusa akaanza kujikuna, akaamini amerogwa. Wenye mapanga wakifika mlangoni, alitikisa bangili zake na kuwatishia kwamba mizimu itawashukia wakithubutu kuingia. Wakaondoka. Nishani aliipata mwaka 2006, miaka 12 baadaye, na aliishi hadi Desemba 2018.

London wana mtindo mwingine wa kuwaenzi mashujaa. Katika bustani ya Postman's Park, karibu na Kanisa Kuu la St Paul's, upo ukuta wenye vigae vilivyoandikwa majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Mchoraji George Frederic Watts alitoa wazo hilo mwaka 1887, ukuta ukazinduliwa 1900. Yumo Alice Ayres, binti wa kibarua wa ujenzi, aliyewatoa watoto watatu dirishani nyumba ikiungua mwaka 1885. Kasoro ya ukuta huo ni kwamba sharti la kuingia ni kufa.

Je, wajua, basi, kuhusu akina bibi wa Harare? Kazi yao haina moto wala risasi, na kamera haziikimbilii. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Ndani ya kliniki hapakuwa na nafasi, wakakaa nje, kwenye benchi. Mtu aliyezidiwa na mawazo huketi pembeni ya bibi na kuongea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yameshafika Malawi na Zanzibar. Bibi hagawi vidonge wala hahubiri: humwacha mtu amalize yote yaliyomjaa, kisha wanachagua pamoja tatizo moja tu la kuanza nalo.