Simu ya ofisi ikikataa kupiga nje, anza kwa kujua imekwama wapi

SIMU ya ofisi inayopokea lakini haipigi ni hatari kuliko iliyokufa kabisa. Kwa kuwa inalia kila siku, wafanyakazi huamini kwamba ni nzima, hadi siku ya dharura.

Katika zahanati ya Laini Saba, Kibera, au shule ya jamii mtaani Kawangware, siku hiyo inaweza kufika wakati wowote. Muuguzi anataka ambulensi impeleke mama mjamzito katika Hospitali ya Mbagathi. Anabonyeza nambari na kusikia mlio wa laini iliyoshikika. Anarudia, mambo ni yale yale. Wengi hapo huilaumu kampuni ya simu, ilhali huenda kosa limo humo humo ofisini.

Simu ya ofisi hupitia milango mitatu: chombo kilicho mezani, mtambo wa ndani unaogawia wafanyakazi wengi laini chache, na laini yenyewe ya nje, iwe ya waya, ya kadi ya simu au ya intaneti. Kazi ni kutambua mlango uliofungwa.

Kwanza, mpigie mwenzako wa chumba jirani. Akipatikana, chombo chako ni kizima. Asipopatikana, kagua waya, soketi na umeme.

Pili, piga nambari ile ile ya nje ukitumia simu ya meza nyingine. Ikipita, basi simu yako imefungiwa. Zamani wakubwa wa ofisi walizuia gharama kwa kufuli ndogo; siku hizi kufuli hiyo imo ndani ya mtambo, na anayeusimamia ndiye awezaye kuifungua.

Tatu, jaribu nambari za aina tofauti. Mwaka wa 2019, nambari zinazoanza na 07 zilipokuwa zikielekea kwisha, Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya ilianza kutoa zinazoanza na 01. Mtambo uliopangwa kabla ya hapo unaweza kuzikataa hizo mpya, ukidhani mpigaji amekosea. Vivyo hivyo, nambari iliyonakiliwa kutoka simu ya mkononi ikiwa na alama ya kujumlisha na 254 huenda isieleweke. Ondoa alama hiyo na 254, kisha weka 0.

Nne, ikiwa hakuna nambari yoyote inayopita, tazama laini ya nje. Mtambo unaotumia kadi ya simu unaweza kuishiwa na salio na bado ukaendelea kupokea, kwani kupokea hakutozwi. Hii ndiyo sababu rahisi kuliko zote, na ndiyo husahaulika zaidi. Kwa mtambo wa intaneti, angalia pia kama intaneti ipo na kama akaunti imelipiwa.

Lakini hata ofisi ambayo simu zake zote hupita haifai kubweteka. Mitambo mingi humtaka mpigaji abonyeze 9 ili apate laini ya nje. Mtu akipiga 999 kuwaita polisi, mtambo unaweza kuichukua 9 ya kwanza kuwa ombi la laini, kisha zikabaki 99 zisizofika popote.

Nambari ya dharura 112 na ile ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto, 116, zina tarakimu tatu, sawa na nambari za vyumba katika ofisi nyingi. Anayetafuta msaada anaweza kujikuta akizungumza na karani wa stoo. Nambari ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, 1195, nayo inaweza kukwama ikiwa mtambo unangoja tarakimu kumi.

Si vyema kupiga nambari hizo kwa majaribio, kwa maana laini yake huenda inangojewa na mwenye shida ya kweli. Fundi aombwe afungue orodha ya mtambo na kuonyesha kwamba zinapita moja kwa moja, bila 9 na bila kizuizi, kutoka kila meza.

Kisha kando ya kila simu kibandikwe kikaratasi kinachoeleza jinsi ya kupiga nje, na iwepo simu moja ya mkononi yenye chaji na salio, mahali panapojulikana na wote. Umeme ukipotea na mtambo ukazimika, hiyo ndiyo itakayomwita dereva wa ambulensi.