Hema katika Msitu wa Ukungu

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Kajiado, fikira zetu huenda kwenye vumbi, ukame na ng'ombe wa Wamasai. Aliyepita kwa gari Kitengela, Isinya na Bissil halaumiki. Lakini barabara hiyo hiyo ikikaribia mpaka wa Namanga, hutokea Oldoinyo Orok, yaani Mlima Mweusi, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, na juu yake msitu wa baridi na ukungu.

Nililala humo katika hema. Usiku kucha mvua haikunya, lakini alfajiri hema lilikuwa chepechepe. Majani na kuvumwani huunasa ukungu, ukawa matone, na matone yakashuka ardhini kulisha vijito ambavyo mifugo ya bondeni huvitegemea. Sikuhitaji kutayamamu, nilitawadha kwa maji yaliyonifanya nitetemeke.

Basi mwenye kwenda na hema lake afuatane na mwenyeji, asikate mti, wala asiondoke kabla ya kuuzima moto kabisa. Msitu ukiungua, ukungu utapita bure, na mfugaji atabaki na vumbi. Dini imetufunza tusifuje maji hata tutawadhapo mtoni. Itakuwaje tuufuje msitu uyaletao?