Umenunua pikapu ya dizeli ya mkononi? Kagua haya kabla ya kubandika stika ya duka



Wengi wetu tunaouza mtandaoni tumeanza kwa kukodi bodaboda, mzigo ukiwa mkubwa tunaita Kirikuu. Biashara ikikua unapiga hesabu, unaona nauli zinakula faida, unaamua kutafuta usafiri wako. Hapo ndo wengi tunaangukia kwenye Hilux ya dizeli ya mkononi. Mimi nauza magodoro na vyombo, mzigo nachukua Kariakoo, na yangu ni singo kebini yenye injini ya 3L.

Nachotaka kukuambia leo ni kimoja: siku unayolipa hela, hujamaliza kununua gari. Unamaliza siku unayojua hali yake. Kwa hiyo wiki ya kwanza usibebe mzigo wa mteja. Rangi, muziki na stika ya duka visubiri. Na kwenye bajeti yako tenga hela ya matengenezo ya mwanzo. Mimi nilitenga sehemu ya kumi ya bei ya gari, na ilifanya kazi yake.

Sheria yangu ni hii: kazi ambayo haina risiti, hesabu haijafanyika.

1. MKANDA WA TAIMINGI
Anza hapa. Injini nyingi za Hilux za dizeli za miaka ya nyuma, kama 2L, 3L, 5L, mpaka 1KD na 2KD, zinatumia mkanda wa taimingi, sio cheni. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu na hapo unazungumzia kufungua injini. Haupigi kelele kabla ya kukatika, kwa hiyo usisubiri dalili.
Mimi niliambiwa "umebadilishwa juzi tu", risiti hakuna. Fundi alivyofungua kava tukakuta mkanda una nyufa na pembeni nyuzi zimeanza kuchomoka. Tukabadilisha mkanda na beringi yake ya kukazia. Hela iliniuma, ila ni ndogo sana ukilinganisha na kununua injini.
Baadhi ya magari yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha. Usiitegemee peke yake, inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa.

2. OILI
Oili ya dizeli kuwa nyeusi sio ugonjwa, hata ukimwaga mpya inageuka haraka. Cha kuogopa ni oili iliyogeuka kama chai ya maziwa. Hiyo imeingia maji. Badilisha oili na filta yake siku hizo hizo, andika kilomita. Halafu injini ikiwa inawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili taratibu. Moshi ukitoka mwingi kwa nguvu kama unapulizwa, ringi za pistoni zimechoka.

3. REJETA
Fungua injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwa ya moto utaungua. Maji yakiwa na rangi ya kutu, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba. Safisha mfumo, weka kulanti. Washa injini uangalie: mapovu yasiyoisha yanaashiria gasketi ya silinda hedi. Shika na hosipaipu, iliyolegea au kuvimba itoe. Gari linaweza kuzunguka mjini tupu bila kuchemsha, lakini ukilipakia na kupanda mlima ndo unajua ukweli.

4. DIZELI NA FILTA
Maji kwenye dizeli yanaua pampu na nozeli. Chini ya filta ya dizeli nyingi kuna kizibo cha kumwagia maji. Weka chupa ya plastiki inayoonyesha, mwaga kidogo, acha itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Badilisha filta hata kama inaonekana nzima.
Kama yako ni D-4D kuwa makini zaidi, kwa sababu dizeli inapita kwa presha kubwa sana na uchafu kidogo unaharibu nozeli ambazo bei yake sio mchezo. Hiyo ipimwe na mashine pia. Na usiache tanki likauke, hewa ikiingia kwenye mfumo utakwama barabarani mpaka itolewe.

5. MOSHI
Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mwenzako awashe wewe ukae nyuma. Moshi mweusi mwingi: dizeli inazidi au hewa haitoshi, anza na filta ya hewa. Wa bluu: inaunguza oili. Mweupe kidogo ukiwasha asubuhi ni kawaida, ila ukiendelea injini ikishapata moto na maji yanapungua, mpeleke fundi.

6. BREKI, TAIRI NA SPRINGI
Hapa ni usalama wako na watu wa barabarani. Fungua matairi yote, angalia pedi za mbele na breki za nyuma. Tairi lina namba nne za tarehe: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la pikapu liwe la mzigo, utaona herufi C au LT kwenye saizi. La gari dogo linaweza kuingia vizuri kwenye rimu, ila halikutengenezwa kwa mzigo huo. Springi za nyuma kagua kila jani, lililokatika hujificha katikati.

7. KARATASI
Linganisha namba ya chesesi na ya injini na kadi. Badilisha umiliki TRA mapema, kwa sababu bila hivyo gari bado ni la mwenzako kisheria. Angalia deni la faini za trafiki na la maegesho. Bima iwe ya matumizi ya biashara kama unabeba mzigo, ya gari binafsi inaweza kukukana siku ya ajali. Na uliza LATRA kuhusu leseni ya kubeba mizigo.

8. JARIBU NA MZIGO WAKO
Ukishamaliza, pakia nusu ya uwezo wake. Hilux nyingi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, sio tatu kama tunavyoona mtaani. Tafuta kilima, panda huku ukiangalia geji ya joto. Ukirudi, lala chini uangalie kama kuna kinachovuja.

Mwisho, nunua daftari. Andika kila matengenezo, tarehe na kilomita. Jaza tanki, tembea, jaza tena. Ukitembea kilomita 400 na tanki likameza lita 40, gari lako linakula lita 1 kwa kilomita 10. Ongeza oili, tairi na bima, ndo upange bei ya kupeleka mzigo. Ukikadiria kwa macho, utakuwa unampelekea mteja godoro kwa hela yako.

Mteja wa mtandaoni hajawahi kukuona, anachojua ni kwamba ulisema mzigo utafika Jumamosi. Gari likilala njiani, yeye haoni mkanda wala rejeta, anaona tapeli. Hiyo wiki moja ya ukaguzi inalinda jina lako kuliko stika yoyote.

Mtumie mwenzako anayepanga kununua.