Nairobi Half Life: Unacheka, halafu unajiona mwenyewe

Wadau, hii inatuhusu sisi tuliomaliza form four tukabaki maskani, tunahesabu nauli ya meli kutoka Mkoani.

Filamu ni ya mwaka 2012, imeongozwa na David "Tosh" Gitonga wa Kenya. Mwas anauza DVD kijijini huku akiwaigizia wateja vipande vya filamu. Kwao kituko tu. Anakwenda Nairobi akawe muigizaji. Siku ya kwanza anaibiwa, analala rumande, anasafishishwa choo kichafu balaa! Unacheka, lakini kicheko kinakukwama kooni, maana anayempa pa kufikia ni Oti, mwizi aliyekutana naye humo humo.

Basi anaishi nusu nusu: huku mazoezi ya tamthilia, huku anang'oa vipuri vya magari ya watu. Kipaji ni kile kile, kote anaigiza. Tofauti ni nani kamfungulia mlango mwanzo.

Joseph Wairimu (Mwas) alishinda tuzo ya muigizaji bora Durban, na filamu ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar. Itafuteni, ila msiangalie na wazee!